Mhuri Uliokauka Wino

Leota Brandewie alikuwa na siri moja tu maishani, na hiyo nayo ilikuwa ya serikali. Kwa miaka sita aliwaambia watu wa kwao, huko mashambani Ohio, kwamba kazi yake kambini ni kupiga taipu maombi ya mablanketi ya jeshi. Ukweli ni kwamba alikuwa akijibu barua za raia walioona vitu angani. Alikuwa ameapa asimwambie mtu, na Leota si mtu wa kuchezea kiapo. Hata kwenye karata alikuwa haibi, ndiyo maana alifungwa kila wiki.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mezani palikuwa na mihuri mitatu: ZUHURA, PUTO na NDEGE. Aliyeona mwanga jioni alipigiwa Zuhura, na sayari ile maskini ilitumikishwa kuliko askari yeyote wa kambi. Mhuri wa nne, HAIJULIKANI, ulilala kwenye droo umekauka wino, kwa sababu kila Desemba wakubwa waliuliza ni majalada mangapi hayajulikani, nao walipenda kuambiwa hakuna. Kuutoa kulihitaji shahidi wa pili, mtu mzima mwenye akili timamu, ajaze fomu ya kurasa sita na kula kiapo.

Jumapili moja ya Septemba, mwaka 1958, baada ya misa na chakula cha mchana, Leota alikuwa uani na baba yake, mzee Aloys, wakichuma maharage mabichi. Ilikuwa saa tisa, jua linawaka. Juu ya ghala la mahindi pakawa na kitu cheupe, kinang'aa kama kifuniko kipya cha kopo la maziwa, kimetulia tuli. Kilikaa kadiri ya mtu kusali Baba Yetu nzima. Kisha kikaondoka kuelekea magharibi bila sauti, upesi hata macho hayakuweza kukifuata. Bakuli la maharage likamponyoka Leota.

"Umekiona?" mzee akauliza.

"Puto hilo, Baba. La watu wa hali ya hewa." Lilimtoka hivyo hivyo, kwa mazoea ya ofisi.

"Puto gani linakwenda kinyume cha upepo?"

"Yapo."

"Na maharage umeyamwaga kwa ajili ya puto?"

Leota akainama kuyaokota.

Mzee hakunyamaza. Alikwenda kukisimulia kitu chake kwenye duka la chakula cha mifugo, tena bila kukitia chumvi, kosa ambalo duka lile halisamehe. "Aloys, wageni wako wameshuka kukusaidia kukamua?" "Waambie wapite na kwangu, nina zizi halijafagiliwa!" Huyu ni mtu ambaye kauli yake ilitosha kuuza ng'ombe bila karatasi. Sasa hata akisema mvua itanyesha, watu walikonyezana. Leota aliyasikia hayo na aliona aibu, maana neno lake moja tu lingewafunga midomo.

Wiki ya tatu barua ikafika ofisini, mwandiko wa baba yake. Kapteni Purcell, bosi wake, aliisoma kwa sauti huku akicheka: "'Shahidi wa pili yupo. Ni binti yangu. Mimi ameniambia ni puto, lakini mkimuuliza nyinyi huenda akasema kweli, kwa kuwa analiogopa jeshi kuliko anavyoniogopa mimi.' Mzee ana ulimi huyu! Brandewie. Ni ndugu yako?"

"Kwetu kina Brandewie ni wengi kuliko ng'ombe, Kapteni."

"Basi mpigie Puto, tukanywe kahawa."

Leota akaushika mhuri wa puto. Aliwahi kuwapigia walimu, mapadri na rubani mmoja, wala hakukosa usingizi. Leo alimwona baba yake amesimama mbele ya mifuko ya pumba, kofia mkononi, watu wakimcheka, naye akajichukia kabisa. Akaurudisha mhuri, akavuta fomu ya kurasa sita.

Alikwenda vizuri mpaka swali la kumi na nne: Kwa nini hukutoa taarifa mara moja? Swali hilo alilipendekeza mwenyewe, mwaka wake wa pili kazini, ili kuwanasa waongo. Wakubwa walimsifu sana. Alikaa nalo hadi kahawa ya watu ikapoa, ndipo akaandika: Kwa sababu nafanya kazi hapa.

Kapteni aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Leota, unajua Desemba nitaulizwa."

"Najua. Na mimi unaweza kunirudisha kwenye mablanketi."

"Hujawahi kuwa kwenye mablanketi."

"Basi nitaanza."

"Kilikuwa nini?"

"Sijui, Kapteni. Miaka sita nimewaandikia watu kwamba najua. Sijui."

Kapteni akafungua droo. Mhuri wa nne uligoma mara mbili. Mara ya tatu aliupulizia pumzi, akaukandamiza kwa viganja vyote, ukatoa maandishi hafifu ya kusomeka kwa shida. "Piga taipu barua ya majibu," akasema, "kabla sijapata akili."

Jumapili iliyofuata mzee Aloys aliisoma ile barua mezani, kuku na tambi vikiendelea kupoa: kitu alichokiona hakikuweza kutambuliwa. Akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala.

"Hutawaonyesha wale wa dukani?" Leota akauliza.

"Ya nini? Wale sikuwaandikia."

"Uliliandikia jeshi."

"Jeshi nalijua mimi? Nilimwandikia anayezifungua barua." Mzee akapaka siagi mkate wake taratibu. "Miaka sita, mwanangu, kila mtu akitaja visahani vya angani mezani hapa, unainuka kufuata viazi. Sijaona mtu wa mablanketi anayependa viazi namna hiyo."

Machozi yalimlengalenga Leota, na kicheko nacho kilikuwa njiani.

"Ya ofisini sikuulizi," mzee akaendelea. "Nakuuliza ya uani kwangu. Siku ile uliona nini?"

Bakuli la viazi lilikuwa tupu. Leota aliliona, na hakuinuka.