Mzee Tulia Kichwa Chini

Mtaa mzima unamwita Mzee Tulia, kwa sababu miaka arobaini neno lake la kwanza kwa kila mteja wa studio yake ya picha lilikuwa "Tulia!" Waliotulia walitoka kwenye picha kama watuhumiwa. Kisha simu zikaota kamera, watu wakajipiga wenyewe huku wakicheka, na studio ikabaki na wakazi wawili: yeye, na mkewe fundi cherehani kwenye kona.

Ndipo chuo kimoja kikatafuta mwalimu wa upigaji picha, wa kufundisha kwa kompyuta. Usaili Jumanne, saa nne, kwenye skrini. Akiikosa kazi hiyo, studio inafungwa mwisho wa mwezi.

"Tumia simu yangu," mkewe akamshauri.

"Mimi? Nisailiwe kupitia jicho la sisimizi?"

Akaipangusa kamera yake ya filamu, lile sanduku la miguu mitatu. Nyuma lina kioo cha ukungu, ambapo sura ya mteja hutua kabla filamu haijaingizwa. Akanunua kamera ndogo ya kompyuta, akaibandika ikitazama kioo hicho, kisha akafunika vyote kwa kitambaa cheusi ambacho hadi asubuhi ile kilikuwa sketi.

"Sketi yangu ya misibani!"

"Imepata kazi ya furaha, mama watoto."

Mama watoto akamgeuzia mgongo, akaikanyaga cherehani kana kwamba ndiyo iliyomuoa.

Picha ikatokea kwenye skrini, laini kama hariri. Mzee akaikagua robo saa nzima, akanyoosha tai, akaridhika.

Saa nne wasaili watatu wakatokea. Wote wakapinda shingo, kama kuku wanaokagua punje.

"Samahani, mzee wetu, umening'inia?"

"Nimekaa, bwana."

Mkewe akageuka, akaiona skrini. "Yarabi! Mume wangu popo!"

Hapo ndipo mzee alipogundua kosa lake. Miaka yote chini ya kitambaa, kioo hakijawahi kumwonyesha binadamu aliye wima. Kwake, kichwa chini ndiyo sawa. Jasho likamchuruzika, likipanda juu mbele ya wasaili. Kwa sauti ndogo akaeleza jinsi mwanga unavyopishana ndani ya lenzi: wa juu hushuka, wa chini hupanda. Msaili mmoja akachukua kalamu.

"Hebu rudia hapo."

Akarudia, safari hii kwa mikono na mbwembwe, hofu imemtoka.

Wakanong'onezana. "Unaanza Jumatatu," akasema mkuu wao. "Usigeuze kitu, hilo ndilo somo la kwanza. La pili, tafadhali uwe wima."

"Hilo msilitegemee," mkewe akadakia. "Namnyoosha tangu tuoane."