Sista Aliyekataa Kunitibu

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu karibu na Kalamba, na nilikuwa nimeshakataa wachumba wawili. Wa tatu alipoleta wazee wake, nilimwambia mama ukweli tukiwa jikoni tunachambua ndengu. Nilimpenda fundi wa nguo wa mji wa Wote, mwanamke mwenzangu, na sikuwa na haja ya mume. Mama hakunipigia kelele. Alimaliza kuchambua, akanawa mikono, akaenda kumwona mchungaji.

Niliombewa Jumapili tatu mfululizo. Mikono iliwekwa kichwani mwangu hadi shingo ikauma. Nilifunga, nikakonda, usingizi ukapotea. Siku moja nilisimama mbele ya darasa nisijue nilikuwa nikifundisha nini. Hapo mama akanipeleka hospitali.

Tulipokewa na sista mmoja, muuguzi wa makamo, mzaliwa wa upande wa Nyeri, aliyehudumia wagonjwa wa akili.

"Sista," mama alisema, "mtoto wangu ana ugonjwa wa kupenda wanawake. Mtibu."

"Anakula?"

"Kidogo sana."

"Analala?"

"Hapana."

"Hayo nitayatibu. Hilo lingine si ugonjwa, mama. Vitabu nilivyosomea vilisema ni ugonjwa, lakini nimekaa na watu kama huyu miaka mingi na sijaona palipoharibika."

Mama alitoka nje bila kuaga.

Mimi nilirudi kila Alhamisi baada ya shule, karibu miezi mitano. Sista hakunihubiria. Aliniuliza maswali, akangoja majibu. Kila nilipomtaja fundi nilisema "yule mtu", sauti ikififia.

"Yule mtu ni nani?" aliniuliza.

"Rafiki."

"Rafiki tu?"

Ilinichukua wiki nne kusema "mpenzi wangu" huku nikimtazama machoni. Siku hiyo nilipotoka nilinunua machungwa sokoni, nikayala nikitembea, na sikujali nani ananiona.

Kisha sista akaomba kumwona mama. Mama alikuja amevaa nguo za kanisani, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Unaogopa nini, mama?" sista alimuuliza.

"Kwamba nikifa atabaki peke yake."

"Wewe ulipovunjika mguu, nani alikulimia shamba?"

Mama alinitazama, akajua ni mimi niliyesimulia. "Yeye," alisema, "na yule fundi. Walipalilia hadi tuta la mwisho."

"Basi hayuko peke yake."

Mama alipoinuka alimwambia sista asante.

Haukupita mwezi, wanawake wa kanisa wakakutana baada ya ibada ili waniondoe kufundisha shule ya Jumapili. Mwenyekiti aliponitaja, mama alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Hata maombi alikuwa akiyaomba chinichini.

"Nilimpeleka huyu hospitali akaponywe," alisema. "Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi, nilikuwa na woga. Mimi nimepona. Huyu ni mtoto wangu na simwonei haya."

Wakaniondoa hata hivyo. Wawili wao hawakunisalimia tena hadi walipofariki. Lakini mama alinishika mkono, tukapita katikati ya soko, akisimama kumjulia hali kila tuliyekutana naye, na mimi nikiwa ubavuni pake. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na sijawahi kutembea kwa fahari kama siku ile.

Fundi na mimi tulijenga nyumba ya matofali Wote. Mama alikuja kukaa nasi miaka yake ya mwisho, akizozana na fundi kuhusu chumvi kwenye muthokoi wa mahindi na maharagwe, na kumwita "mwanangu". Sista naye, kabla hajahamishwa, alimtuma kwangu mwalimu mmoja wa kike kutoka Kitui, aliyekuwa amechoka kuombewa. Nilizungumza naye siku nzima.