Sili Mbili hadi Nyaramba

Sili nilizipachika juu chini. Heri niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na jirani yangu, Mama Kwamboka, ambaye huyasimulia maisha yangu vizuri kuliko ninavyoyaishi.

Pikipiki yangu kuukuu ilikuwa ikivuja mafuta kwenye miguu ya mbele, ile mirija miwili yenye springi ndani. Nikanunua sili mpya Kisii mjini, pete za mpira za kuzuia mafuta yasitoke, nikazigonga kwa nyundo pale uani, midomo yake ikitazama mawingu. Kwa hiyo zikaizuia mvua isiingie, na mafuta yakawa huru kwenda yatakako. Yakaenda kwenye breki. Nililijua hilo nikiteremka kuelekea mtoni: nilibana breki, nikabana tena, nikaja kusimamishwa na mgomba wa watu.

Mama aliona. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa akingojea pikipiki hiyo impeleke Nyaramba kwa dada yake, mama mkubwa Kemunto, ambaye macho yake yalikuwa yakizimika polepole. Goti la mama lilikuwa limekataa kumfikisha barabarani penye basi.

"Nataka anione," mama alisema. "Si kunisikia tu."

Basi mimi, mtu ambaye hata sokoni Nyamache huenda kwa kusukumwa, nikaamua kuipeleka kwa Momanyi, tuliyesoma naye sekondari, sasa fundi huko huko Nyaramba.

Ijumaa asubuhi nilifunga vitambaa kwenye miguu ya pikipiki kama mgonjwa wa vidonda. Mama Kwamboka alichungulia juu ya ua.

"Leo amekufa nani mpaka wewe utoke?"

"Hajafa mtu. Naenda kwa fundi."

"Na hiyo? Basi ngoja, atakufa."

Kufika Keroka ukungu ulikuwa bado umelala barabarani. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano, nikitegemea breki ya nyuma, na kwenye kila shimo pikipiki ikiinama mbele kana kwamba inaabudu. Milima ilitokea, ikapotea, ikatokea tena mahali pengine. Majani ya chai yalining'inia hewani bila ardhi chini yake. Nilianza kuamini sijatoka nyumbani, kwamba niko kitandani mwangu na hii ni ndoto ya mtu aliyekula viazi vingi.

Sironga nilisimama kando ya ua wa shule kukamua vitambaa. Darasani watoto walikuwa wakikariri kwa sauti moja, sikujua nini, ila kilipanda na kushuka kama pumzi. Nilisahau kuondoka. Ndivyo nilivyo: nikitoka nyumbani natafuta nyumbani pengine.

Nyaramba nilifika jioni. Momanyi alifungua gurudumu la mbele, akaliegemeza ukutani, kisha akatazama magharibi na kuweka spana chini.

"Malizia basi, ndugu yangu."

"Jua limeshika kilima. Sabato imeingia."

"Na pikipiki yangu?"

"Nayo ipumzike. Imechoka na wewe."

Ni Mkatoliki wa Nyamache peke yake anayeweza kumpelekea fundi Msabato kazi Ijumaa jioni. Nikatembea hadi kwa mama mkubwa, si mbali. Alinijia mlangoni, uso karibu na uso.

"Nani wewe?"

"Makori, wa Nyamache."

"Makori hatoki. Sema ukweli."

Jumamosi, mama mkubwa, naye Msabato, aliporudi kutoka ibadani, tuliketi barazani tukila chakula kilichopikwa jana yake. Hapakusikika jembe wala shoka, wimbo tu, mbali, ukija na kuondoka na upepo.

"Pareto imechanua?" aliuliza.

"Imechanua, mama."

"Naona weupe tu, kama mtu amemwaga unga." Akanigeukia. "Mdogo wangu bado ana mwanya?"

"Anao."

"Uso wake wote umeniponyoka. Umebaki mwanya."

Jua lilipozama nilirudi kwa Momanyi, naye akawasha karabai. Alipochomoa mirija akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Fundi mmoja wa Nyamache."

"Mwambie aache."

"Nimeshamwambia."

"Usijali. Mimi za kwanza nilizipachika hivi hivi, nikazunguka nikidhani pikipiki inatoka jasho."

Aliosha breki kwa petroli, akasugua kutu kwenye mirija kwa msasa laini, akapaka mafuta sili nyingine, akaziingiza midomo ikitazama chini kwenye mafuta. Juu ya kila sili mpya aliweka ile ya zamani, ndiyo akaigonga hiyo, ili mpya isiumie. Tulipomaliza niliuegemea usukani. Ulishuka, ukapanda taratibu, kama mzee anayeinuka baada ya sala.

Jumapili asubuhi nilikwenda kuaga. Mama mkubwa alikuwa nje, amejifunga kitambaa kichwani, kikapu cha ndizi mbivu mkononi.

"Mama mkubwa, wiki ijayo nitamleta mama."

"Wewe? Ukifika kwako hutoki tena. Mimi nitakuja kumwona kwa vidole. Nipandishe."

Alikaa upande, mkono mmoja kwenye mshipi wangu, akiimba kwa sauti ya chini. Barabara ileile, mashimo yaleyale, ila sasa yalipita chini yetu kama maji chini ya bata. Kwenye mteremko wa mtoni nilibana breki. Pikipiki ikasimama.

"Mbona umesimama?"

"Napima breki, mama."

"Kumbe ulikuwa hujapima!"

Nyumbani mama alikuwa ametoka kanisani, hapo jirani, ameketi kizingitini. Mama mkubwa akamwendea, akamshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Cheka," alimwambia.

Mama akacheka, machozi yakimtoka.

"Upo," mama mkubwa alisema. "Mwanya wenyewe huo. Na mashavu haya, nilikuwa nimeyasahau." Hakuuachilia uso ule mpaka jua likahama.

Nilichojifunza ni kwamba mdomo wa sili hutazama mafuta, na kwamba mtu akikujua hutoki, atakushikilia siku uliyotoka. Nikainama chini ya pikipiki: ardhi kavu. Nikainuka, kifua mbele, nikingoja sifa kutoka upande wa pili wa ua. Mama Kwamboka alitazama pikipiki, akawatazama wale dada wawili, akanitazama mimi.

"Kumleta umemleta. Kumrudisha hutamrudisha, tunakujua, anza kumjengea."