Diski Iliyokuwa Inarudi

Ordinatere yetu, kompyuta ya mezani, ilikuwa nzee tangu siku tulipoinunua, na sikuwahi kuinung'unikia. Ilikuwa na diski mbili ndani: moja ya kuwashia mashini, nyingine ya kutunzia vitu vyetu. Katika hiyo ya pili mke wangu, mwaka wa mwisho wa ugonjwa wake, aliacha sauti yake akisali sala zote kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Alifanya hivyo kwa ajili ya wajukuu, maana mimi ni Mubembe na nyumbani kwetu Songo tulisema Kiswahili tu.

Baada ya mazishi mashini ikaanza vituko. Ilijizima katikati ya neno. Saa yake ilirudi nyuma miaka mingi. Kisha asubuhi moja ile diski ya pili haikuonekana kabisa kwenye orodha. Nikazima, nikangoja, nikawasha tena: imerudi. Nikafanya ishara ya msalaba nikamshukuru Mungu.

Binti yangu, anayefundisha shule ya msingi Nyamianda, hakuridhika.

"Papa, acha nichukue kopi kwenye flashi. Ni dakika kumi tu."

"Bado hatujamaliza kilio cha mama yako."

"Sasa sauti nayo ni nguo, ni kikwembe cha kugawana?"

"Ni kitu chake. Vitu vyake havigawanywi mbele ya siku yake."

Ndivyo ilivyo kwetu: mpaka familia zote mbili zikae pamoja na kumaliza kilio, hakuna anayegusa cha marehemu. Wakwe zangu wako Nyakabere, na barabara ya uwandani haikuwa na usalama. Siku ikasogezwa mara tatu. Diski nayo ikaendelea kupotea na kurudi, na kila iliporudi nilishukuru, nikatulia zaidi. Niliiita saburi. Niliamini hata kwamba nilikuwa nikimheshimu.

Ilipomaliza wiki nzima bila kuonekana, binti yangu aliniletea fundi wa ordinatere. Alifungua ubavu wa mashini akacheka.

"Papa katekista, hili vumbi ni la Agano la Kale!"

Alilipuliza, akachomoa nyaya na kuzirudisha. Akapima kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, akasema kimechoshwa na umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa nguvu. Akaweka kingine, akabadilisha na betri ndogo ya saa. Mashini ikawaka vizuri. Lakini diski ya pili ililia: tak, tak, tak. Akaipachika kwenye mashini yake mwenyewe. Tak, tak.

"Ilianza kupotea lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na sasa tuko Majilio." Hakucheka tena. "Papa, diski ikipotea mara ya kwanza na kurudi, ile ndiyo siku ya kukopi. Hii iko imekufa."

Binti yangu alitazama dirishani. Afadhali angenigombeza.

Kilio tulikimaliza baada ya Noeli. Waligawana vikwembe, majembe, rozari yake. Walipouliza kama kuna kitu kimebaki, nilisimama nikasema kilichokuwapo na jinsi nilivyokipoteza. Dada mkubwa wa marehemu hakunilaumu.

"Shemeji, sala hizo siye tunazijua. Walete watoto tuwafundishe."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini ni mzee sana sasa, na barabara ni ileile.

Jumapili iliyofuata, tukijitayarisha kwenda Misa, mjukuu wangu mdogo alimwomba mama yake amfundishe Baba Yetu kwa Kifuliiru, kama alivyokuwa akiisali Bibi. Binti yangu alianza vizuri. Mstari wa kwanza, wa pili, kisha akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Akanigeukia mimi. Kila alfajiri ya ndoa yetu maneno hayo yalisaliwa pembeni yangu, na sikuwa na hata moja la kumpa.