Bakuli la Kusuzia Finjani

Masouda alipoachwa na mumewe, Marhoon, baada ya kumlelea watoto na kumuuguzia mama mpaka kaburini, alirudi Azaiba kwa kaka yake Jaifar na sanduku moja na ulimi wake. Marhoon alibaki na nyumba ya Madinat Sultan Qaboos, mke mbichi na zizi zima la farasi wa mbio. Jaifar alikuwa na farasi mmoja tu, jike mwekundu aitwaye Zafarani, akamkabidhi dada yake. Kusoma Masouda hakusoma, lakini farasi hakumuuliza cheti.

Mwaka wa tisini na saba Zafarani alishinda, kisha akapokonywa ushindi: mkojo wake ulikutwa na kahawa. Masouda akakumbuka papo hapo. Wageni walikuwa wakinywa kahawa uani, na bakuli la kusuzia finjani likaachwa karibu na zizi, limejaa maji yenye kahawa. Zafarani alilimaliza, akaramba midomo.

"Kahawa humwendesha farasi moyo na kumchangamsha ubongo," Ishaq, daktari wa wanyama, akamweleza Masouda. "Ndiyo maana imepigwa marufuku. Na hata akinywa kidogo, mkojo huendelea kuitoa kwa siku kadhaa."

Marhoon akatangaza mji mzima kwamba Masouda humlisha farasi dawa. "Mimi mwenyewe kanilisha miaka," akasema, "sembuse mnyama!"

Basi Masouda akaapa kwamba msimu ujao Zafarani atashinda, na mkojo wake utamsafishia jina.

Mbio zilipokaribia, Marhoon akaja na wenzake, kanzu inanukia udi, eti kumtazama farasi. Jaifar akaita, "Dada, kahawa!"

Masouda akatoka na jagi la maji.

"Dada, una wazimu? Dele la kahawa liko wapi?"

"Nimelifungia kabatini. Halitoki mpaka mbio zipite."

Jaifar akainama kwa aibu. Mgeni aondoke kwake bila kahawa! Marhoon akatabasamu. "Mmefilisika, Jaifar?"

"Hatujafilisika, Bwana Marhoon," akajibu Masouda. "Nyumba hii sote tunakula mlo wa farasi. Ukitaka, na majani yapo. Nna mabichi, kama unavyoyapenda."

Wenzake Marhoon wakacheka mpaka maji yakawapalia. Hata Jaifar alifunika mdomo kwa kilemba.

Siku ya mbio Zafarani alipita, pua zimetanuka, shingo inang'aa jasho, akamwacha nyuma farasi wa Marhoon, akashinda. Watu wakashangilia. Masouda hakupiga kigelegele; alisimama zizini akimbembeleza, "Kojoa, mama, kojoa." Akakojoa, mkojo ukapelekwa kupimwa.

Majibu yalipotoka safi, hapo ndipo alipopiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Akafungua kabati, akapika dele zima la kahawa yenye iliki, akalituma kwa Marhoon pamoja na finjani na bakuli la kusuzia.

"Mwambie anywe tu," akamwagiza dereva. "Yeye hapimwi."