Siku Niliyoning'inia Mbele ya Dirisha la Mama Wangari

Hii habari imeshasimuliwa sana na watu ambao hata hawakuwepo, kila mmoja akiongeza chumvi yake (kuna mmoja anasema nilikuwa uchi, huo ni uongo, nilikuwa na kaptura), kwa hivyo leo wacha niisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimechoka kuisikia kwa midomo ya wengine.

Naitwa Barasa, nafanya kazi kwa ofisi ya bima kule Hurlingham, na ndiyo, najua, mtu wa bima ndiye aliyefanya haya. Pale ofisini tuna kikundi cha watu wanaopenda kutembea wikendi. Ngong tumeipanda mpaka ng'ombe wa kule wanatujua, Karura tumeizunguka mpaka nyani hawashtuki tena wakituona, na siku moja Njeri, dada anayeshughulikia madai ya watu waliopata ajali, akasema amechoka na milima.

"Tuende Pwani," akasema. "Lakini si ile ya kulala kwa mchanga na madafu. Mimi nataka ile ya miamba, mawimbi yanagonga mpaka unaloa ukiwa huko juu."

Watu wakapiga makofi, halafu wakanigeukia mimi nipange. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa na viatu. Viatu vya mlima vya ukweli, vile vizito, wengine wote wanatembea na raba, na kwetu mtu mwenye viatu ndiye mtaalamu.

Basi nikapanga, na nisijisifu lakini nilipanga vizuri. Jioni baada ya jioni nilikaa na ramani kwenye simu, nikaona tulale nyumba moja Kilifi, kila asubuhi tutoke tutembee kipande cha ufuo, turudi jua likiwa limelegea. Nikajifunza habari ya maji kupwa na maji kujaa, mambo ambayo mtu wa Bungoma kama mimi, mbali na bahari, hana kazi nayo, maana kuna mahali ambapo asubuhi unapita chini ya mwamba miguu mikavu na mchana hapo hapo ni bahari tupu. Nikapanga maji ya kunywa, kofia, viatu vya kujikinga na wale wadudu wa miiba wanaokaa kwenye mawe. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ile siku ya pili.

Siku ya pili tungepita juu ya miamba upande wa Takaungu, na katikati kuna kaufuo kadogo kamejificha chini, na kwenye video nilikuwa nimeona vijana wawili wanashuka pale kwa kamba wakicheka kama wanaoshuka ngazi za nyumbani. Nikaiweka kwenye mpango. Njeri akauliza tunashukaje, nikamwambia kwa kamba, ni rahisi tu.

"Sawa, mimi ndio wa kwanza kushuka," akasema. "Lakini Barasa, hiyo kitu uijaribu kwanza. Tafuta ukuta mfupi."

Kamba niliipata soko la mitumba Toi, ya rangi ya machungwa, pamoja na mkanda wa kuvaa kiunoni na mapajani, na kile chuma cha umbo la nane ambacho kamba inapita ndani yake ukishuka. Muuzaji akaapa ilikuwa ya mzungu aliyepanda nayo milima yote mpaka ikaisha milima. Mimi nikaona hiyo ni sifa nzuri kwa kamba.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe, ulivyokuwa mdogo. Ukuta mfupi ulikuwepo. Pale kwa ploti yetu Kilimani, ninapoishi, kuna ukuta wa maegesho, mtu akianguka kutoka pale anajipangusa tu. Lakini ilikuwa Jumamosi, majirani walikuwa wanaosha magari hapo, na mimi sikutaka watu wanione nikijifunza. Nikajiambia wacha nitumie balkoni yangu ya nyuma, ghorofa ya tatu, inaangalia mjengo wa jirani, nyumba inayojengwa, na mafundi walikuwa wameenda kula, nishuke haraka nimalize. Yaani nilichagua pale ili nisionekane.

Halafu nikakumbuka wale vijana wa video walikuwa na kofia ngumu. Mimi sina. Nilichokuwa nacho ni helmeti ya pikipiki ambayo binamu yangu aliisahau kwangu, ile nyeusi yenye kioo cheusi kinachofunika uso wote. Nikaivaa. Nikafunga kamba kwa chuma cha balkoni, nikavuta mara kadhaa, nikaona imeshika, nikavuka.

Kushuka kulikuwa kutamu, nisiwadanganye. Nilishuka kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo, nikapita sakafu yangu, nikafika usawa wa ghorofa ya pili, na hapo fulana yangu ikaingia ndani ya kile chuma pamoja na kamba, ikasokotwa, ikakaza. Nikavuta juu, haiendi. Nikasukuma chini, haiendi. Nikabaki pale naning'inia kama nyama ya buchari.

Na mbele yangu, umbali wa mkono, kulikuwa na dirisha la sebule ya Mama Wangari.

Mama Wangari ni mwalimu mstaafu, mama wa heshima sana, na siku hiyo (mimi ningejuaje?) alikuwa amewakaribisha wamama wa kanisa lake. Walikuwa wamesimama kwa duara, wameshikana mikono, macho wamefumba, wanaomba. Nikashukuru Mungu kwamba wamefumba. Nikaona heri ninyamaze, nijifungue polepole, nipite kabla ya amina. Shida ni kwamba kamba ilikuwa inanizungusha, mara naangalia wamama, mara naangalia mjengo, mara wamama tena, na dirisha lilikuwa wazi nasikia kila kitu.

"Na yule kijana wa hapa juu, Barasa," Mama Wangari akaomba, "Bwana, wewe unajua umri unaenda. Mpatie bibi. Mtoe kwa hiyo upweke."

Wamama wote wakasema, "Mpatie, Bwana!"

Sijui ni kushtuka, sijui ni uchungu, lakini goti langu likagonga kioo. Ngo.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha buluu akafungua macho. Nikamwona ananiona. Yeye aliona nini? Jitu lisilo na uso, kichwa cheusi kinang'aa, linaelea dirishani likizunguka taratibu.

"Shetani ashindwe!" akapiga kelele.

"Huyo si shetani, ni mwizi!" mwingine akajibu. "Mwizi! Mwiziii!"

Wenzangu, mnaijua Nairobi. Hilo neno likishatoka mdomoni halirudi. Waliokuwa wakiosha magari wakazunguka nyuma mbio, mafundi wa mjengo wakaacha chakula wakaja, na Musyoka, askari wa geti yetu, mtu anayenifungulia kila asubuhi na kuniuliza kwetu wameamkaje, akafika na rungu akiwa mbele ya wote.

"Shuka!" Musyoka akanguruma. "Shuka hapo tukuonyeshe!"

"Ni mimi!" nikapiga kelele, lakini ndani ya ile helmeti sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji.

"Anasema nini?"

"Ati anatuuliza, 'Nini?'"

"Ana madharau pia!"

Jiwe la kwanza likagonga ukuta karibu na kiwiko changu. Hapo ndipo nilipoacha kuona aibu nikaanza kuogopa, kuogopa kwa kweli. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika kamba, siwezi kuiachilia nifungue kioo, na chini nilimwona fundi mmoja anainua kipande cha tofali, anakipima kwa mkono, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, alikuwa tu kama mtu anayefanya kazi. Nikafikiria mama yangu atakavyoambiwa.

Mama Wangari ndiye aliyeniokoa, ingawa alianza kwa kunipiga. Alipitisha mti wa ufagio katikati ya vyuma vya dirisha akanigonga kichwani mara mbili, na mara ya tatu ule mti ukaingia chini ya kioo cha helmeti ukakiinua. Tukatazamana.

"Ngai, Mungu wangu!" akasema. "Barasa?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Unafanya nini kwa dirisha yangu?"

"Napanga safari ya Pwani."

"Pwani iko huku?"

Kisha huyo mama akasogeza kichwa karibu na vyuma akapaza sauti, ile ya kunyamazisha darasa: "Wekeni hayo mawe chini! Ni mtoto wa hapa! Nimesema chini!" Na yakawekwa. Nilimwona yule fundi akiliweka tofali lake taratibu, kama aliyekuwa analihamisha tu.

Nikiwa bado navuta pumzi, nikasikia juu yangu, krii. Kile chuma cha balkoni kilikuwa kinang'oka ukutani, na vumbi la simenti likaanza kunimwagikia. Mama Wangari aliliona lile vumbi.

"Mshikeni!" akawaambia wenzake.

Wamama wa kanisa wakatoa mikono kupitia vile vyuma vya dirisha, mmoja akanishika mkanda, mwingine mkono, mwingine akakamata shingo ya fulana (karibu aninyonge), na yule wa kitambaa cha buluu aliyeniita shetani akaukumbatia mguu wangu kwa mikono miwili na hakuuachilia. Walinishika hivyo, wakiimba, mpaka mafundi wakaleta ngazi ndefu ya mjengo na mmoja akapanda, akaikata fulana kwa kisu, akaniteremsha. Ni fundi gani? Yule yule wa tofali. Akaniambia pole, boss.

Niligusa ardhi nikiwa na kaptura, helmeti na nusu ya fulana, watu wakapiga vigelegele, na simu zote zilikuwa juu. Kabla sijafika mlangoni kwangu Njeri akapiga.

"Nimekuona," akasema.

"Umeniona wapi?"

"Kila mahali."

Alikuja jioni hiyo, nilidhani anakuja kunicheka, na alinicheka, lakini alipomaliza akaichukua ile kamba akaanza kuipitisha mkononi pole pole. Mahali fulani akasimama. Akaikunja. Nje ilikuwa nzima, rangi safi, lakini ndani ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na alipoipasua kwa kisu nyuzi za ndani zilikuwa zimeoza, zinatoka unga. Hicho kipande mimi sikukifikia, kilikuwa mbele zaidi, sehemu ya chini ambayo pale Takaungu, kwenye mwamba mrefu, tungeihitaji.

Yeye ndiye angekuwa wa kwanza kushuka.

"Barasa," akasema mwishowe, "asante kwa kukwama."

Basi, Pwani tulienda. Siku ya pili tulipita juu ya miamba kama nilivyopanga, upepo unatusukuma, mawimbi yanapanda mpaka chumvi ikatukaukia usoni, na tulipofika juu ya kale kaufuo tukasimama kwa foleni tukachungulia. Maji yalikuwa yanaingia, yanagonga, yanarudi na mawe. Hakuna aliyetaja kamba. Tulikaa pale juu tukala mahamri, nikawatazama wote mmoja mmoja wakitafuna na kubishana, Njeri amevua viatu anakausha soksi kwenye jiwe. Tukarudi kwa njia ndefu ya vichakani, tumechanwa na miiba, wazima wote.

Mimi kuning'inia nimestaafu. Na mkitaka kunisaidia kupanga safari nyingine, karibuni, lakini jambo jipya nitajifunzia mahali watu wananiona, wacheke wakitaka, wakiwa karibu vya kutosha kunishika.