Nafasi ya Nne Kwenye Dawati la Mbele

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, hapa mtaani kwetu Arua mimi hupita njia ya nyuma. Sitaki maneno. Mama wa duka la sabuni atanidaka tu: "Mwalimu, shule yenu tena iko mkiani?" Halafu acheke, na watoto wake mwenyewe kawapeleka shule ya kulipia ng'ambo ya mji. Nami nilisoma naye shule hiihii ninayofundisha, dawati moja! Siku zile mtoto wa karani, wa fundi cherehani na wa askari tuligombea chaki pamoja. Nazitamani sana siku zile, sioni haya kusema.

Sasa wenye uwezo wameondoka. Tulio nao ni watoto wa vijiji vya Pajulu wanaofika miguu imelowa umande, na watoto wa wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini. Leo wapo, kesho mama kafuata soko. Ukiwatazama mwanzo wa muhula na mwisho wake, utadhani ni shule mbili. Halafu watu wanauliza kwa nini tunafeli. Jamani!

Miongoni mwao alikuwapo msichana mmoja wa Kongo, mama yake akiuza vitenge sokoni. Siku ya kwanza nilimpa hesabu ya kugawanya ubaoni. Ile namba ya kugawia akaiandika upande wa kulia, akachora mstari chini yake, jibu akaliweka hapo chini. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye wala hakutikisika.

"Kwetu tunafanyaka hivi, mwalimu."

Jibu lilikuwa sahihi. Nikawaita wale wachekaji waje wafanye ya kwao, wakakwama. Tangu hapo, kila mapumziko unawakuta wamemzunguka, wanagawanya kwa mtindo wa Kongo kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la shule. Nilimpenda yule mtoto, basi. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayetutoa mkiani.

Mwaka wake wa mtihani, mama yake akahamia naye Koboko, ambako soko la mpakani lilikuwa limechangamka. Mtoto aliniahidi kwamba siku ya mtihani atarudi. Alikuwa amesajiliwa kwetu, na kwingine asingeruhusiwa kuufanya. Siku hiyo sisi walimu hatukaribii chumba, wasimamizi hutoka shule nyingine, kwa hiyo nikasimama langoni. Kila bodaboda iliyopunguza mwendo ilinipa moyo, kisha ikapita. Mlango wa chumba ukafungwa. Nililia, na sijali nani aliniona.

Likizo ilipofika nikapanda gari hadi Koboko. Nilimkuta nyuma ya rundo la vitenge, anampimia mteja kwa mkono, na mama yake mgonjwa amejilaza mkekani kando yake. Nitamlaumu nani hapo? Alipiga magoti kunisalimu, akanifutia kigoda nikae, akaulizia darasa zima, mmoja mmoja. Mwisho akainamisha kichwa.

"Mwalimu, kiti yangu ulipatia mutu?"

"Hapana. Iko."

"Mama akipona, nakuja."

Muhula wa mwaka mpya ulipofunguliwa, watoto walikuwa wengi kuliko madawati, kama kawaida yetu. Dawati la mbele, alikokuwa akikaa yeye, ni la wanne. Nikakalisha watatu.

Mwalimu mkuu alipoingia akaona wengine wameketi sakafuni, akafoka, "Mwalimu, hapa si kuna nafasi?"

"Ina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani, anatoka Koboko."

Alinitazama, akawatazama wale wa sakafuni. Watatu wa dawati la mbele, ambao walikuwa darasa la chini yake na aliwafundisha kugawanya kule kwenye ukuta wa jiko, waliinua madaftari yao. Walibanana tu upande mmoja, wakamwongezea nafasi.